Depo Yenye Milango Wazi

Wengi wetu tunajua nyumba ya makumbusho ni kitu gani. Ni nyumba kubwa ambamo vitu vya zamani vimepangwa nyuma ya vioo, kila kimoja na karatasi yake ndogo ya kukifasiria. Mgeni anaingia, anatazama, anatoka. Lakini mgeni huyo ameona sehemu ndogo tu ya mali ya nyumba. Katika nyumba nyingi kubwa za makumbusho, vitu vinavyoonyeshwa havifiki hata kumi katika mia. Vingine vyote vinakaa katika depo, chini ya ardhi ama katika majengo ya mbali na mji, nyuma ya milango ya chuma, na wanaoviona ni watu wachache wenye ufunguo.

Katika miaka hii ya karibu desturi nyingine imeanza: nyumba kadhaa za makumbusho zimefungua depo zao, na mtu yeyote anaweza kuingia na kuzizuru. Tunataka kufasiria hapa namna ziara hiyo inavyofanyika, kwa sababu gani milango ilifunguliwa, na mafundisho gani yanatufikia sisi mapadri, mafratri na walimu wa katekisimu. Maana sisi pia ni walinzi wa depo. Kila parokia ina sakristia yake, kila sakristia ina kabati lake, na mara nyingi hakuna anayejua hasa kilichomo.

I. Kwa sababu gani depo zilifungwa?

Tusiwahukumu haraka wale waliofunga. Walikuwa na sababu za kweli. Kwanza, mwanga unakula rangi. Kitambaa kilichofumwa kwa ufundi na karatasi iliyochorwa kwa wino vikiachwa juani vinapauka, na rangi iliyokwenda hairudi. Pili, hewa inavimbisha mbao na kuzikausha. Hewa ikiwa ya majimaji leo na kavu kesho, sanamu ya mti inapanuka na kujikunja, na nyuma yake inapasuka; ikiwa ya majimaji siku zote, ukungu unaota. Tatu, wako wadudu: mchwa, nondo na mende hawachagui kati ya ubao wa sanduku na ubao wa altare. Nne, iko mikono ya watu: wengine wanagusa kwa kupenda, wengine kwa kuiba.

Basi watunzaji wa zamani waliona kwamba kulinda ni kuficha. Kwa upande mmoja walisema kweli. Lakini dawa hiyo inazaa ugonjwa mwingine. Kitu kisichoonwa na mtu kinasahauliwa. Kikisahauliwa, hakuna anayeuliza kama kingaliko. Na siku kinapopotea, hakuna anayelia, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kilikuwako.

Ugonjwa huo ulionekana zamani, na wengine walijaribu kuuponya. Mwaka wa 1976, makumbusho ya anthropolojia ya Chuo Kikuu cha British Columbia, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, ilipata jengo jipya. Wakaweka sehemu kubwa ya akiba katika makabati ya vioo na katika visanduku ambavyo mgeni aliweza kuvivuta mwenyewe. Huo ulikuwa mwanzo. Lakini depo nzima yenye kufunguliwa ilikuwa bado.

II. Tuingie katika depo ya Rotterdam

Rotterdam ni mji wa bandari katika Uholanzi, na sehemu kubwa ya mji huo iko chini ya usawa wa bahari. Nyumba yake ya makumbusho ya sanaa inaitwa Boijmans Van Beuningen. Ilifunguliwa mwaka wa 1849, kwa urithi wa mwanasheria Boijmans aliyeuachia mji picha zake. Kadiri mali ilivyoongezeka, nyingine ilikaa katika vyumba vya chini, pahali ambapo maji yaliweza kuingia. Basi wakaamua kujenga depo mpya. Hawakuijenga mbali na mji, bali karibu kabisa na makumbusho yenyewe, na kwa namna ambayo watu wote wangeweza kuizuru. Mfalme Willem-Alexander aliifungua mwezi wa Novemba 2021.

Wajenzi wake, wanaoitwa MVRDV, waliipa sura ya bakuli kubwa: nyembamba chini, pana juu. Urefu wake ni mita 39 na nusu, na nje imevikwa vioo 1,664 ambamo mji na mawingu vinajiona. Juu ya paa wamepanda miti. Ndani zinakaa picha, sanamu, vyombo, fotografia na michoro, jumla yake zaidi ya vitu 151,000.

Mgeni anaingia kwa tiketi. Katikati ya nyumba ngazi zinapanda zikipishana, na kuta za vioo zinamwonyesha vyumba vya kila upande. Katika chumba kimoja anaona mafundi wakisafisha picha; katika kingine wanafunga kitu ndani ya sanduku kwa safari. Lakini katika vyumba vyenyewe vya akiba haingii peke yake. Anaingia pamoja na kiongozi, katika kikundi kidogo, kwa muda mfupi, maana pumzi na joto la watu vinageuza hewa ya chumba.

Mambo mawili ya depo hiyo yanastahili kufikiriwa.

La kwanza ni upangaji. Katika nyumba ya makumbusho vitu vinapangwa kwa nchi, kwa karne, ama kwa majina ya wasanii wakubwa. Katika depo sivyo. Vitu vinapangwa kufuata mwili wao. Chuma kinataka hewa kavu, fotografia za rangi zinataka baridi, mbao na turubai zinataka hewa ya kiasi isiyogeukageuka. Kwa hiyo depo ya Rotterdam ina namna tano za hewa, na kila kitu kinakaa katika hewa inayokifaa. Ni kama katika hospitali: wagonjwa hawapangwi kufuata ukoo wao wala cheo chao, bali kufuata ugonjwa wao. Fundi mwenye jina na fundi asiye na jina wanatunzwa sawasawa.

La pili ni mgongo wa picha. Katika depo picha zinatundikwa juu ya nyavu za chuma zinazovutwa huku na huku, na mgeni anaweza kuona upande wa nyuma. Huko kuna mihuri, namba, majina ya wenye mali wa zamani, karatasi za safari. Mgongo wa picha ni kama kitabu cha ubatizo: unasema ilizaliwa wapi, ilipita katika mikono ya nani, na ilifikaje hapa. Makumbusho ya Rotterdam ina picha za kikristu zenye sifa kubwa: Mtakatifu Kristofa aliyechorwa na Hieronymus Bosch, Mnara wa Babeli wa Pieter Bruegel, na wale Maria watatu kaburini, kazi ya Van Eyck. Aliyezoea kutazama uso tu wa picha kama hizo anafundishwa katika depo kwamba kila picha ina njia iliyoipitia mpaka kufika ukutani.

III. London: mgeni anaagiza

Mji wa London ulifuata na kwenda mbele zaidi. Makumbusho inayoitwa Victoria and Albert ilifungua depo yake, V&A East Storehouse, tarehe 31 Mei 2025, katika jengo ambalo wakati wa michezo ya Olimpiki ya 2012 lilitumiwa na watu wa magazeti na televisheni. Ndani mna vitu zaidi ya 250,000 na vitabu 350,000. Mgeni haombwi malipo ya kuingia.

Tena wameweka utaratibu ambao haukuzoewa. Mtu yeyote anaweza kusoma orodha, kuchagua vitu hadi vitano, na kuandika ombi wiki mbili mbele. Siku yake ikifika, mtumishi anamwekea vitu hivyo mezani na kumwonyesha namna ya kuvishika. Hataulizwa diploma. Mshonaji anayetaka kujua mishono ya kanzu ya zamani na profesa anayeandika kitabu wanapokewa kwa sheria moja.

Hapa ndipo tunafika kwenye shina la jambo. Ni kitu gani kilichomwezesha yule mshonaji kuiona kanzu? Mtu atasema: mlango ulifunguliwa. Lakini mlango peke yake haungemsaidia. Angeingia kati ya vitu 250,000 na kutoka amechoka. Kilichomsaidia ni orodha. Kanzu ile ilikuwa imeandikwa: jina lake, namba yake, rafu yake. Asiyeandika mali yake, hata akifungua milango yote, hana cha kuonyesha. Basi mlango wa kweli wa depo si wa mbao wala wa chuma, ni orodha.

IV. Je, si hatari kufungua?

Mwenye busara atauliza: je, watu wakiingia, vitu havitaharibika? Swali ni la haki. Mwaka wa 2025, katika depo ya Rotterdam, mtoto alikwangua picha kubwa ya Mark Rothko, picha ambayo magazeti yaliikadiria bei ya mamilioni mengi ya euro. Ikabidi itengenezwe. Hatuwezi kusema kwamba kufungua hakuna hasara.

Lakini tuweke na upande wa pili juu ya mizani. Mwezi wa Agosti 2023 British Museum ya London ilitangaza kwamba vitu vimepotea, vimeibiwa au vimeharibiwa katika akiba yake. Hesabu iliyotolewa ilikuwa karibu 2,000. Vitu hivyo havikuwa mbele ya wageni. Vilikuwa ndani ya depo iliyofungwa, na vingi kati yake vilikuwa havijaandikwa sawasawa katika orodha. Nyuma ya msiba huo wakubwa wa nyumba waliamua kuandika na kupiga picha mali yote, ili watu wote waweze kuiona. Tulinganishe mambo haya mawili. Katika depo iliyo wazi, mkwaruzo mmoja ulijulikana na ukapata fundi. Katika depo iliyofungwa, vitu vingi vilikwenda, na kwa muda mrefu hakuna aliyetambua.

Milango wazi si milango isiyo na bawabu. Rotterdam kuna kiongozi na saa maalum. London kuna ombi na mtumishi. Anayefungua sharti alinde. Lakini aliyefunga tu, asidhani kwamba amekwisha kulinda.

V. Vitu vya Kongo vilivyo mbali

Jambo hili linatuhusu sisi Wakongo kwa namna ya pekee, maana vitu vingi vya wazee wetu vinakaa katika depo za Ulaya. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilichukuliwa kwa nguvu wakati wa ukoloni. Wamisionari nao walikuwa na sehemu yao, nasi tuseme hivyo bila kuficha: wengine walichoma sanamu, wengine walizikusanya na kuzipeleka kwao. Kwa Maonyesho ya Misioni ya mwaka mtakatifu wa 1925, misioni za dunia nzima zilipeleka Roma vitu kama 100,000. Vipatavyo 40,000 vilibaki huko, na mwaka wa 1926 Papa Pius XI aliweka msingi wa makumbusho ya kuvitunza.

Kwa upande wa Ubelgiji, nyumba kubwa ya vitu vya Kongo ni ile ya Tervuren, karibu na Brussels. Kati ya 1976 na 1982 vitu 114 vya Tervuren vilirudishwa Kinshasa. Katika machafuko ya miaka ya 1990 baadhi ya mali ya makumbusho ya Kinshasa iliibiwa na kuuzwa. Nyuma yake, mwezi wa Februari 2022, waziri mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi waziri mkuu wa Kongo orodha ya vitu kama 84,000. Mwezi wa Juni mwaka ule ule mfalme Philippe alifika Kinshasa na kuleta kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho uliowekwa.

Wengine walicheka waliposikia habari ya orodha: tumepewa karatasi, vitu vimebaki kwao! Tunawaelewa. Karatasi si kinyago. Lakini tukumbuke jambo la London: mtu hawezi kuagiza kitu ambacho hajui kwamba kiko. Watoto wa kabila fulani wanaweza kudai sanamu ya mababu wao siku wanapojua kwamba iko, iko wapi, na ilifikaje huko. Orodha haimalizi haki. Lakini bila orodha haki haina pa kuanzia.

Tukumbuke pia kwamba vitu hivyo si vya mababu wa zamani za upagani peke yao. Mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka wa 1491. Nyuma yake mafundi wa ufalme ule walitengeneza misalaba ya shaba yenye Kristu mwenye sura ya mtu wa kwao. Inaitwa nkangi kiditu. Wakubwa walirithiana misalaba hiyo kama alama ya haki na ya madaraka. Leo mingi inakaa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na za Marekani. Fratri anayejifunza historia ya Eklezya anaweza kumaliza masomo yake yote bila kuona hata mmoja, naye amezaliwa katika nchi iliyoitengeneza.

VI. Tugeukie sakristia zetu

Sasa tuache Rotterdam na London, tufungue kabati la parokia. Mna kalisi iliyoletwa na mapadri wa kwanza, kazula iliyoshonwa na masista, msalaba uliochongwa na fundi wa kijiji ambaye jina lake wanalijua wazee wawili tu, katekisimu ya kwanza katika lugha ya pale, fotografia za ubatizo wa zamani. Vitu hivyo vinapoteaje? Mara chache kwa moto, mara chache kwa vita. Mara nyingi ni kwa badiliko la paroko: mmoja anaondoka, mwingine anafika, hakuna karatasi iliyopita kati yao.

Eklezya imesema wazi juu ya jambo hili. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Konstitusyo juu ya Liturjia ya mwaka 1963, unawaagiza maaskofu waangalie sana vyombo vitakatifu na kazi za thamani zisiuzwe wala kutawanyika. Kanuni ya 1283 ya Sheria ya Eklezya inamtaka msimamizi wa mali, mbele ya kuanza kazi yake, afanye orodha kamili, pamoja na vitu vya thamani na vya utamaduni; nakala moja ikae penye usimamizi, nyingine katika arkivu za jimbo. Na mwaka wa 1999 Tume ya Kipapa ya Urithi wa Utamaduni wa Eklezya iliandika barua nzima juu ya ulazima wa kuandika orodha hiyo.

Tufanyeje basi? Tunaona mambo matano, yasiyohitaji fedha nyingi.

1. Kuandika. Daftari moja linatosha: namba ya kitu, jina lake, kimetengenezwa kwa nini, ukubwa wake, hali yake, pahali kinapokaa. Namba iandikwe kwenye kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi, isichongwe juu ya kitu.

2. Kupiga picha, mbele na nyuma. Simu ya fratri inaweza kazi hiyo. Kitu kikiibiwa, picha ndiyo shahidi.

3. Kuuliza wazee. Hii ni kazi ya walimu wa katekisimu kwanza, maana wao wanabaki wakati mapadri wanapohamishwa. Nani alichonga? Nani alitoa? Kwa furaha gani, kwa nadhiri gani? Depo za Ulaya zina hewa tano na vioo elfu, lakini mara nyingi hazina majibu ya maswali hayo, kwa sababu aliyechukua kitu hakuuliza jina la fundi. Sisi wenye majibu tungali na wazee. Tusingoje mazishi yao.

4. Kutunza. Vitu visikae chini sakafuni wala kugusa ukuta wenye maji. Kitambaa kisitundikwe juu ya msumari, kilazwe au kikunjwe taratibu. Kisifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, maana majimaji yanabaki ndani. Kabati lifunguliwe mara kwa mara na kuchunguzwa wadudu.

5. Kuonyesha. Siku ya somo wa parokia, meza iwekwe, vitu vitolewe chini ya ulinzi, na mwalimu afasirie kila kimoja kwa watoto. Mkristu aliyeona kalisi ya babu zake katika imani hatanyamaza siku itakapokosekana. Macho ya watu wengi ni kufuli yenye nguvu. Lakini orodha yenye kuonyesha vitu vinapokaa isiachwe wazi kwa kila mpitaji.

Mtu atasema: maskini wana njaa, nasi tunahesabu kazula? Mapokeo ya Roma yanasimulia kwamba shemasi Laurensi, alipoamriwa kutoa hazina ya Eklezya, aliwaonyesha maskini. Ni kweli, na mpango huo haugeuki. Lakini tuangalie vema: Laurensi aliweza kujibu kwa sababu alikuwa msimamizi aliyejua hesabu ya mali iliyo mikononi mwake. Asiyejua mali iliyomo hawezi kuigawa kwa haki. Na kitu kilichoibiwa katika sakristia hakimlishi maskini hata mmoja, kinamlisha mchuuzi.

Bwana wetu, katika Evanjili ya Mtakatifu Mateo, alimfananisha mwalimu aliyefundishwa mambo ya Ufalme na mwenye nyumba anayetoa katika akiba yake vitu vipya na vya zamani. Mwenye nyumba huyo anajua akiba yake. Ndiyo maana anaweza kutoa. Basi kila mmoja wetu mwenye ufunguo wa sakristia achukue daftari wiki hii, afungue kabati, na aandike namba ya kwanza.